Kuizunguka Menorca kwa miguu, geti baada ya geti

Karibu kila anayeandika habari za Menorca huanza na rangi ya maji. Maji ni mazuri, sikatai. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa. Bahari ya buluu na mchanga mweupe sihitaji kupanda ndege kuvifuata. Kilichonifanya nibebe begi mgongoni na kukizunguka kisiwa hiki cha Uhispania, kilomita 185 kwa miguu, ni mageti yake.

Menorca ndicho kisiwa cha mashariki kabisa katika Visiwa vya Balearic, na ni kidogo kuliko jirani yake Mallorca ambaye ndiye hujaza ndege za watalii. Njia moja inafuata pwani yake yote mpaka inarudi ilikoanzia. Inaitwa Camí de Cavalls, Njia ya Farasi. Ukitoka Maó, mji mkuu, ukaishika bahari mkono wa kulia usiiachie, utarudi Maó kwa upande wa pili. Njia imegawanywa vipande 20, na nguzo fupi za mbao zenye alama nyekundu na nyeupe ndizo zinazokuongoza. Hakuna barafu wala kilele cha kujitapia. Mlima mrefu kabisa wa kisiwa, Monte Toro, una mita 358 tu, na njia wala haiupandi.

Asili yake ni ulinzi. Wenyeji husimulia kwamba tangu karne ya 14 wenye mashamba walitakiwa kuweka farasi na silaha, wazunguke doria kutoka ghuba hii hadi ile, kwa sababu hatari ilikuwa ikija na matanga. Zama hizo zilipopita, njia ikabaki kwa wavuvi, wachungaji, na watu wanaoteremka pwani Jumapili na kapu la chakula. Halafu ukaja utalii. Ardhi ya pwani ikapanda thamani, na baadhi ya wenye mashamba makubwa wakaanza kufunga: mnyororo hapa, waya pale, kibao cha mali ya mtu binafsi. Miaka ya 1990 wananchi wakaja juu, wakafanya la maana kuliko mikutano yote: walikwenda wakatembea, wengi kwa pamoja, pale pale palipofungwa. Mwaka 2000 bunge la Balearic likapitisha sheria mahususi kwa ajili ya njia hii moja, ikatambua haki ya umma ya kupita juu ya ardhi ya watu kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli. Mivutano na wenye ardhi haikuishia hapo. Njia nzima ilifunguliwa rasmi mwaka 2010.

Sasa mageti. Suluhu yao haikuwa kumnyang'anya mtu shamba lake. Shamba bado lake, ng'ombe wake, na geti ni lake pia, ila halina kufuli. Unafungua, unapita, unafunga nyuma yako. Unaweza kufanya hivyo mara nyingi kwa siku moja, na hakuna anayetokea kukuuliza unakwenda wapi.

Kwa mtu aliyekulia kati ya Bamburi na Mtwapa, jambo hili si dogo. Utotoni tulikuwa na kichochoro chetu cha kushukia baharini, katikati ya viwanja viwili, wakati huo vikiwa pori la miiba na mikanju. Wavuvi walipita hapo na nyavu begani, sisi tukipita na taulo. Siku moja pakawekwa geti la chuma, mlinzi, na mbwa. Ufuo wenyewe unabaki wa umma, hilo kila mtu analisema. Lakini utafikaje ufuoni kama kila pa kushukia pamezibwa? Wavuvi walianza kuzunguka mbali, na samaki wao wakafika sokoni jua limeshawaka. Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna watu waliodai kichochoro chao na wakakipata, tena cha kilomita 185, nilitaka kukikanyaga.

Niliyekwenda naye ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, nesi katika hospitali moja ya Hamburg. Mimi pia naishi Ujerumani, mji mwingine. Nilipomwambia kuhusu safari nilidhani atacheka, maana kwetu kutembea kilomita nyingi juani bila shughuli huhesabiwa ni ugonjwa. Akanijibu, "Wifi, mimi natembea zamu nzima kwenye korido isiyo na dirisha. Nipeleke penye upepo." Dada yangu wa Mombasa naye alitamani kuja. Sisi wawili tuna vibali vya ukaazi na tulipita uwanja wa ndege wa Menorca bila kuulizwa neno. Yeye orodha ya karatasi za viza ya Schengen ilimchosha kabla hajaijaza. Hilo nalo ni geti, na kufuli lake ni kubwa.

Tulikwenda mwezi wa Mei. Maji bado baridi, lakini maua yapo na joto halijawa la kuumiza. Julai na Agosti nisingependekeza kwa mtu yeyote anayekusudia kutembea, kwa sababu upande wa kaskazini kivuli ni adimu na maduka hakuna. Jambo jingine la kujua mapema: kupiga kambi njiani ni marufuku. Kwa hiyo hulali pale unapochokea. Unalala mjini au kwenye vijiji vya pwani, na asubuhi unarudishwa na basi au teksi hadi ulipoachia jana. Wifi ndiye aliyeshika ratiba za mabasi, kwa ukali ule ule anaoshikia dawa za wagonjwa.

Kipande cha kwanza, Maó hadi Es Grau, ni kilomita kumi za kuzoesha miguu. Es Grau ni kijiji cha nyumba nyeupe mbele ya ghuba ya maji mafupi, na nyuma yake lipo ziwa la S'Albufera, maskani ya ndege wa majini. Ukiangalia vizuri kichakani utaona mabaki ya barabara zisizokwenda popote. Miaka ya 1970 hapo palianza kujengwa mtaa wa majumba ya likizo ulioitwa Shangri-La. Watu wakaupinga, ujenzi ukasimama, na mwaka 1995 eneo lote likatangazwa hifadhi. Kisiwa kizima kilikuwa kimeshaingizwa na UNESCO katika hifadhi za mazingira ya viumbe mwaka 1993. Nasema haya kwa sababu wageni wengi huiona Menorca tulivu wakadhani ndivyo ilivyozaliwa. Utulivu ule una watu walioupigania, na wengine bado wako hai.

Baada ya Es Grau ardhi inabadilika rangi. Huku kaskazini mawe ni ya kale sana, na kwenye rasi ya Favàritx yamekuwa meusi kabisa, ya tabaka tabaka, yanayochanika kwa vidole. Juu ya weusi ule umesimama mnara wa taa wa mwaka 1922, mweupe, wenye mstari mweusi unaouzunguka kutoka chini hadi juu. Hapakuwa na mti wala nyasi ndefu. Mimea yenyewe imejikunja chini ikawa kama mito ya kulalia, ila ya miiba, kwa kuukwepa upepo. Upepo huo unaitwa tramuntana, unatoka kaskazini. Sisi wa pwani yetu tumezoea upepo wenye adabu, kaskazi kwa miezi yake na kusi kwa miezi yake. Huu hauna miadi. Tulipokuwa rasini ulikuja ghafla, ukauvuta mtandio wa wifi, ukamlazimu kuufunga fundo mbili kwa nyuma. Mizeituni mwitu yote ya upande ule imeinama kusini, mti hata mmoja haukusimama wima.

Ni mti huo huo unaotengeneza mageti. Nilisimama mbele ya moja, mahali fulani kati ya Favàritx na Arenal d'en Castell, nikalikagua kama mtu anayetaka kulinunua. Fundi hakuchonga mti unyooke, aliufuata ulivyopinda. Pau za kulala hazikulingana hata mbili, kila moja ina tumbo lake, na zimeshikwa pamoja na pau moja iliyokwenda mshazari. Mafundi wa kazi hii wanaitwa araders, na waliobaki ni wachache. Komeo lilikuwa kipande cha mti kinachoteleza, na pale vidole vinaposhika pamekuwa peusi, palaini, panang'aa kwa mafuta ya mikono ya watu. Ukilisukuma halitoi kelele. Wifi alilifungua, akalifunga, akalifungua tena bila sababu. Mimi nikasimama kando na kumngoja, sikuwa na haraka.

Na geti ni bure bila ukuta. Menorca ina maelfu ya kilomita za kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na mawe yenyewe ndiyo yale yaliyong'olewa shambani ili jembe lipite. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi wa mawe ya matumbawe na chokaa. Angekuja hapa swali lake la kwanza lingekuwa: kwa nini haziporomoki? Nilichungulia mahali ukuta ulipobomoka nikaelewa. Ukuta mmoja ni kuta mbili zinazoegemeana, pana chini na nyembamba juu, katikati pamejazwa vijiwe, na kila jiwe kubwa limelazwa juu ya maungo ya mawe mawili ya chini yake. Uzito wote unaelekea ndani. Mahali pengine mawe marefu yametokezwa nje ya ukuta, moja juu ya jingine kwa hatua, upande huu na ule: ngazi ya mtu kupita na kondoo asipite. Ufundi huu, wa Uhispania na nchi kadhaa nyingine za Ulaya, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba bado unatumika. Tulimkuta mzee anarudishia mawe ya ukuta wake. Tukamsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa, akaendelea kugeuza jiwe moja mkononi akitafuta upande wake.

Fornells niipitie haraka. Ni kijiji kizuri cha wavuvi chenye sifa ya mchuzi wa kamba wakubwa, na bei yake ilitufanya tuagize samaki wa kuchoma na viazi. Ila kwa msomaji Muislamu nina neno moja la kumwokoa. Mkate mtamu uliozungushwa kama kilemba, wenye sukari ya unga juu, utaukuta katika kila duka la mikate na utakuvutia. Unaitwa ensaïmada, na hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Soseji nyekundu ya kupaka kwenye mkate, sobrassada, nayo ni nguruwe. Tuliishi kwa mikate ya kawaida, nyanya, mayai, matunda na jibini la kisiwa, lile la mraba lenye pembe za mviringo, kwa sababu maziwa yaliyoganda hufungwa ndani ya kitambaa kwa pembe zake nne kisha hukamuliwa. Gamba la nje la lililokomaa ni la rangi ya chungwa iliyokolea. Lina chumvi, linakauka kinywani, na baada ya mwendo wa kutoa jasho sijui chakula kinachoshinda hicho.

Sasa nifike kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho wengi hukiruka kwa kuwa ndicho kigumu: kutoka Binimel·là kuelekea magharibi. Mchanga hapo ni mwekundu wa matofali. Cala Pregonda ina miamba ya dhahabu iliyosimama majini, na watu wengi hufika hapo, hupiga picha, hurudi. Ukiendelea mbele unabaki peke yako. Njia inapanda kwenye mgongo wa kilima, inatumbukia bondeni mpaka usawa wa bahari, inapanda tena, na tena, juu ya vijiwe vinavyoteleza chini ya kiatu. Els Alocs, ambako kipande kinaishia kwenye ramani, hakuna kitu: mawe na maji tu. Hakuna basi la abiria wala kibanda cha soda. Ndiyo sababu tulibeba maji lita tatu kila mmoja na kuunganisha vipande hadi Cala Morell, kama kilomita 24 kwa jumla.

Huko ndiko tulikokutana na kobe. Menorca ina kobe wengi wa nchi kavu, wa manjano na weusi, wadogo kiasi cha kujaa viganja viwili. Huyu alikuwa anavuka njia. Wifi akachuchumaa, akamtazama miguu, akatamka kwa sauti ya wodini kwamba ukucha mmoja wa mguu wa nyuma umekatika ila kidonda kimepona vizuri. Tukamngoja avuke. Alichukua muda wake wote, akafika ukutani, akafuata msingi wa ukuta hadi kwenye tundu dogo lililoachwa chini, la kupitishia maji ya mvua, akaingia humo akapotea shambani. Hata yeye alikuwa na pa kupita.

Adhuhuri tuliswali Cala Pilar, kwenye mchanga mwekundu, baada ya kutawadha kwa maji ya bahari. Mtandao wa simu haukuwepo, lakini kutoka Menorca kibla kiko mashariki kikiegemea kidogo kusini, na jua la mchana linatosha kukadiria. Kijana mmoja mwenye baiskeli begani alikuwa akishuka ufuoni. Alipotuona akasimama mbali, akasubiri mpaka tukamaliza, ndipo akapita. Akasema "bon dia" nasi tukaitikia hivyo hivyo. Baada ya hapo njia inaingia kwenye misonobari, na kile kivuli cha La Vall, jamani, nilikitamani tangu asubuhi.

Wale Waislamu wa zamani wa kisiwa hiki nilikuwa nimewasahau, nikakumbushwa na ramani. Binimel·là, Binigaus, Binidalí, Binissafúller: kila upande kuna Bani fulani, yaani wana wa fulani kwa Kiarabu. Waislamu walikitawala kisiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 10 hadi mwaka 1287, Mfalme Alfonso III wa Aragon alipokiteka. Walioweza kujikomboa kwa fedha waliondoka. Wengi waliobaki wakafanywa watumwa.

Ulipe upande wa pili haki yake pia. Ciutadella, mji mkuu wa zamani ulioko magharibi, una uwanja mkubwa uitwao Es Born, na katikati umesimama mnara mwembamba wa mawe. Ni ukumbusho wa Julai 1558, pale jeshi la majini la Waosmani lilipouzingira mji, likauteka, likauchoma, na kuwachukua watu zaidi ya 3,000 kwenda kuuzwa Istanbul. Hadi leo kila tarehe 9 Julai hati ya habari za mwaka ule husomwa mbele ya watu. Mimi na wifi tulikaa kwenye ukingo wa uwanja ule tukila aiskrimu, wanawake wawili wenye mitandio. Bibi mmoja wa makamo akaja kukaa karibu nasi, akatuuliza kwa ishara kama miguu inauma. Tulikuwa tumevua viatu, na wifi alikuwa ananipasulia lengelenge la kisigino kwa sindano aliyoichemsha hotelini. Bibi akafungua mkoba wake, akampa wifi plasta.

Lakini nimeruka Punta Nati, na haistahili kurukwa. Kati ya Cala Morell na Ciutadella kisiwa kinavuliwa nguo: jangwa la mawe ya kijivu, kuta juu ya kuta, na mabanda ya mifugo ya duara yaliyojengwa kwa ngazi, ambayo mgeni huyadhania makaburi ya kale. Makaburi ya kweli yako Cala Morell, mapango yaliyochongwa kwenye mwamba kabla ya Warumi, baadhi yakiwa na milango iliyotiwa nakshi. Mabaki ya watu wale wa kale, yaliyotapakaa kisiwa kizima, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Na mnara wa taa wa Punta Nati ulijengwa mwaka 1913 kwa sababu ya msiba. Februari 1910 meli ya Kifaransa iitwayo Général Chanzy, iliyokuwa ikitoka Marseille kwenda Algiers, ilipigwa na dhoruba kwenye pwani hii usiku. Walikufa watu zaidi ya 150. Aliyenusurika alikuwa mmoja, akatambaa kwenye majabali mpaka akapata msaada. Siku tuliyopita bahari ilikuwa shwari, na nilipotazama chini ya jabali nikaona hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu aliyelowa angeweza kushika.

Upande wa kusini sina mengi ya kusema, na najua nitawaudhi wengi. Hapa jiwe ni jeupe na laini, misonobari inateremka hadi majini, na ghuba zake ndizo zinazochapishwa kwenye kalenda: Son Saura, Turqueta, Macarelleta, Macarella. Ni kweli zinapendeza. Lakini hata Mei tulilazimika kupanga foleni kwenye ngazi za mbao kwa ajili ya wapiga picha. Ajabu ni kwamba ukiacha ufuo na kurudi hatua kidogo kwenye njia, kelele zinaisha. Makorongo ya kusini, lile la Algendar juu ya Cala Galdana hasa, ni mazuri kuliko fuo zenyewe, kwa kuwa kuta zake ndefu zimejaa ndege na chini pana ubichi. Son Bou kuna msingi wa kanisa la Wakristo wa mwanzo mchangani, na nyuma yake zimesimama hoteli mbili ndefu zilizonifanya niwashukuru tena watu wa Es Grau.

Kusini-mashariki ni lami na nyumba za likizo, ua baada ya ua. Njia ipo, nguzo zipo, ila unapita mbele ya mabwawa ya kuogelea ya watu. Pale Binibèquer Vell, kijiji cheupe kilichojengwa karne iliyopita kwa mfano wa kijiji cha wavuvi ilhali si cha wavuvi, wenye nyumba wamebandika vibao vya kuomba ukimya, maana watu wanaopiga picha hawana saa. Niliwahurumia. Haki ya kupita na haki ya kulala mchana zinagombana mahali pale, na sidhani kuna sheria itakayozipatanisha. Mtu mwenye likizo fupi aviruke vipande vya huku, apande basi, asione haya.

Mwisho wa njia unapitia Cala Sant Esteve, kighuba chembamba chenye ngome ya Waingereza ya karne ya 18, Fort Marlborough. Waingereza walikishika kisiwa hiki kwa vipindi kati ya 1708 na 1802 kwa ajili ya bandari ya Maó, mkono mrefu wa bahari ulioingia ndani ya nchi, wenye kina cha kutosha meli za kivita. Mtu aliyezoea Fort Jesus na Kilindini haelezwi zaidi. Unatembea kando ya bandari hiyo hadi mjini, na alama ya mwisho haina sherehe yoyote. Kuna nguzo, halafu kuna mtaa.

Mjini tuliingia duka la viatu. Viatu vya asili vya Menorca vinaitwa avarques: kipande cha ngozi mbele, kamba ya ngozi nyuma ya kisigino, na soli ambayo wakulima walikuwa wakiikata kwenye matairi chakavu. Wifi alikigeuza kimoja, akapapasa soli, akaniambia, "Wifi, hii si akala imevishwa makubazi?" Kisha akatazama bei, akakirudisha kwenye rafu. Muuzaji akatueleza kwamba za tairi halisi bado zipo, zile nzito pale chini, wanunuzi wake ni watu wa mashambani. Wifi akauliza kama zinapungua bei. Hazipungui. Alizunguka duka, akarudi, akauliza tena kwa njia nyingine, na jibu likawa lile lile, kwa tabasamu zaidi. Akamchukulia kaka yangu jozi moja ya tairi, nambari 43. Mimi nikavuka barabara kununua jibini, tukaenda kuwahi basi la uwanja wa ndege, maana zamu yake ilikuwa inaanza kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.